Kupima Kumbukumbu ya Maneno kwa Mbali: Historia ya Kipimo na Suala la Lugha ya Mpimwa

I. Utangulizi

Miongoni mwa vipimo vyote walivyobuni wanasaikolojia ili kuichunguza akili ya binadamu, hapana kilicho sahili kwa sura kuliko kile cha kumsomea mtu orodha ya tarakimu na kumtaka azirudie kwa mpango uleule. Mpimaji husema, "Tatu, nane, moja, tano", mpimwa naye hujibu, "Tatu, nane, moja, tano." Orodha huongezwa tarakimu moja baada ya nyingine mpaka mpimwa ashindwe, na pale aliposhindwa ndipo penye kikomo chake. Kipimo hiki hakihitaji mtambo wala maabara. Kinahitaji watu wawili na lugha moja.

Kwa muda mrefu wa historia yake kipimo hiki kimetolewa ana kwa ana. Lakini tangu miaka ya mwisho ya karne ya 20, na hasa baada ya mwaka 2020, kimehamia kwa wingi kwenye intaneti. Mpimwa sasa yumo nyumbani kwake, au mkahawani, au ndani ya matatu. Mpimaji yuko mji mwingine, pengine bara jingine. Na kati yao kuna kioo cha kompyuta au cha simu. Watafiti wengi wameuliza kama alama zipatikanazo kwa njia hii zaweza kuaminiwa. Swali hilo ni la haki. Walakini, historia ya kipimo chenyewe yaonyesha kwamba liko swali jingine linalotangulia, nalo ni hili: mpimwa anakumbuka kwa lugha gani? Makala haya yanakusudia kuifuatilia historia hiyo kutoka darasa la wasichana wa London hadi kwenye intaneti, na kuonyesha kwamba alama ya kumbukumbu ya maneno haijapata kuwa huru na lugha. Njia mpya ya kupima haikuiondoa lugha katika kipimo, imeificha tu. Jambo hili ni zito kwa wasemaji wa Kiswahili, ambao wengi wao wana lugha mbili au tatu katika kinywa kimoja.

II. Chimbuko la kipimo

Mwasisi wa uchunguzi wa kumbukumbu kwa njia ya majaribio ni Mjerumani Hermann Ebbinghaus, ambaye kitabu chake juu ya kumbukumbu kilitoka mwaka 1885. Ebbinghaus alijipima mwenyewe. Aliona kwamba maneno ya kawaida hayafai kwa kazi yake, kwa kuwa kila neno huja na maana yake na jamaa zake, na jamaa hao humsaidia mtu kulikumbuka. Kwa hiyo alijitungia silabi zisizo na maana, zipatazo 2,300 hivi, kila moja ikiwa na irabu katikati ya konsonanti mbili. Nia yake ilikuwa kuipata kumbukumbu tupu, iliyovuliwa lugha. Hata hivyo, silabi hizo zilikuwa silabi za Kijerumani kwa muundo wake. Msemaji wa Kiswahili, ambaye silabi zake kwa kawaida huishia kwa irabu, angelazimika kwanza kuushinda ugeni wa sauti zile kabla ya kuanza kuzikumbuka. Lugha ilifukuzwa mlangoni, ikarudi dirishani.

Miaka miwili baadaye, yaani 1887, Joseph Jacobs alichapisha katika jarida la Mind la Uingereza taarifa ya majaribio aliyoyafanya kwa wanafunzi wa shule ya wasichana ya North London. Jacobs huyu, aliyezaliwa Australia, ndiye yuleyule ambaye baadaye alipata sifa kwa kukusanya na kuchapisha ngano za Waingereza. Aliwasomea wasichana orodha za tarakimu na za herufi, akaona kwamba kikomo cha tarakimu ni kama 9 na cha herufi ni kama 7, na kwamba kikomo hicho huongezeka kadiri umri unavyoongezeka. Majaribio yake ndiyo asili ya kipimo cha tarakimu kama kijulikanavyo leo.

Liko jambo moja dogo katika kazi ya Jacobs ambalo yafaa litazamwe kwa makini. Katika orodha zake aliiacha herufi W, na aliiacha tarakimu ya 7. Sababu yake ilikuwa kwamba majina ya alama hizo mbili kwa Kiingereza yana zaidi ya silabi moja, ilhali mengine yana silabi mojamoja. Jacobs aliona, tangu siku ya kwanza, kwamba jina refu huenda likaibadilisha alama ya mpimwa, na kwa uangalifu wa mwanachuoni akalitoa. Lakini na aulizwe msomaji: lau Jacobs angalifanya kazi yake Mombasa badala ya London, angalibakiwa na tarakimu gani? Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita, saba, nane, tisa: hakuna hata moja yenye silabi pungufu ya mbili, kwani hata nne hutamkwa kwa silabi mbili, ya kwanza ikiwa ni ile n peke yake. Kwa kanuni yake, Kiswahili kizima kingaliachwa nje.

III. Kipimo chapewa mamlaka

Mwanzoni kipimo hiki kilikuwa jambo la wataalamu. Mwaka 1905 Alfred Binet na Théodore Simon wa Ufaransa walikitia katika mfululizo wa majaribio 30 waliyoyatunga ili kuwatambua watoto waliohitaji mafundisho ya pekee. Mtoto alitakiwa arudie tarakimu tatu. Mwaka 1939 David Wechsler, aliyefanya kazi katika hospitali ya Bellevue mjini New York, alikitia katika kipimo chake cha akili ya watu wazima, tarakimu zikirudiwa mbele na pia kinyumenyume. Tangu hapo kipimo cha tarakimu kikawa na mamlaka. Alama yake ilichangia hukumu juu ya mtoto yupi aende shule ipi, na mgonjwa yupi ahesabiwe kuwa amepungukiwa.

Katika Afrika ya Mashariki hukumu za namna hiyo zilipata ukali wa pekee. Miaka ya 1930, nchini Kenya, walikuwako madaktari wa kikoloni waliodai kwamba akili ya Mwafrika ni duni kwa maumbile. H. L. Gordon aliyatetea madai hayo hadharani, na mwaka 1934 F. W. Vint alichapisha makala kuhusu ubongo wa wenyeji wa Kenya yaliyotumiwa kuyaunga mkono. Wakati huohuo R. A. C. Oliver alitunga kipimo cha akili kwa ajili ya Waafrika, kilichochapishwa Nairobi mwaka 1932, na katika maandishi yake akatahadharisha juu ya ugumu wa kulinganisha jamii ambazo malezi yao na mafunzo yao si sawa. Madai ya Gordon na Vint yamekwisha kutupwa na elimu. Yanatajwa hapa kwa sababu moja tu: yanakumbusha kwamba namba ikishaandikwa, watu huisahau njia iliyoileta. Alama ya chini iliyotokana na urefu wa maneno yaweza kusomwa kama alama ya chini ya akili, na aliyepimwa hana nafasi ya kujitetea.

IV. Sauti iliyomo ndani ya kumbukumbu

Katika nusu ya pili ya karne ya 20 maarifa mapya yalipatikana. Mwaka 1956 Mmarekani George Miller alitoa makala mashuhuri kuhusu namba saba, akieleza kwamba kikomo cha kumbukumbu ya papo kwa papo huwa karibu na mafungu saba, kuongeza au kupunguza mawili. Neno la muhimu hapo ni mafungu. Mtu hashiki vitu kimojakimoja. Huvifunga pamoja, na akifunga vizuri hushika vingi. Mwanachuoni wa Kiswahili hatashangazwa na habari hiyo. Mtungaji wa utenzi huufunga ubeti wake katika vipande vinne vyenye mizani nanenane, na manju aliyeshika mamia ya beti hushika mafungu hayo, wala hashiki neno mojamoja lililotawanyika.

Mwaka 1964 R. Conrad wa Cambridge, Uingereza, alionyesha jambo jingine. Aliwaonyesha watu herufi kwa macho, bila kuzitamka, kisha akawataka waziandike. Walipokosea, makosa yao hayakufuata sura ya herufi, bali sauti ya majina yake: mtu aliyeona herufi moja aliandika nyingine yenye jina linalofanana nayo kwa Kiingereza, hata kama maumbo yao hayakuwa na mfanano wowote. Maana yake ni kwamba jicho lilipoona, ulimi wa ndani ulitamka, na kilichohifadhiwa ni sauti.

Miaka kumi baadaye, yaani 1974, Alan Baddeley na Graham Hitch waliyakusanya maarifa haya katika nadharia ya kumbukumbu tendaji. Kwa jina hilo inakusudiwa ile sehemu ya akili inayoshika mambo machache kwa muda mfupi huku ikiyafanyia kazi, kama vile msikilizaji anavyoshika mwanzo wa sentensi ndefu mpaka aufikie mwisho wake. Katika nadharia hiyo maneno hutunzwa na mzunguko wa sauti: mtu huyarudiarudia moyoni kabla hayajafifia, mfano wa mchuuzi anayekariri bei njiani asije akaisahau. Mwaka 1975 Baddeley, pamoja na Neil Thomson na Mary Buchanan, alionyesha kwamba mzunguko huo una kipimo cha wakati. Watu walishika orodha ya majina mafupi ya nchi, kama Chad na Malta, vizuri zaidi kuliko orodha ya majina marefu, kama Chekoslovakia na Yugoslavia. Kwa jumla, mtu alishika kiasi cha maneno awezacho kuyatamka kwa muda wa karibu sekunde 2. Walipomzuia asitamke moyoni, kwa kumtaka akariri neno jingine lisilohusika, tofauti ya urefu katika maneno yaliyoonyeshwa kwa macho ilitoweka.

Kwa matokeo hayo, uangalifu wa Jacobs wa mwaka 1887 ulithibitishwa, na papo hapo msingi wa kulinganisha lugha mbalimbali kwa kipimo cha tarakimu ukatikisika. Kama kikomo ni sekunde, basi lugha ambayo tarakimu zake huchukua muda mrefu kutamkwa itawapa wasemaji wake alama ndogo, hata kama akili zao ni zilezile. Ushahidi haukukawia. Mwaka 1980 N. C. Ellis na R. A. Hennelly walichunguza kwa nini viwango vya kipimo cha tarakimu kwa Kiwelishi vilikuwa chini kuliko vile vya Kimarekani. Waliona kwamba tarakimu za Kiwelishi huchukua muda mrefu zaidi kutamkwa. Watu wenye lugha zote mbili, waliojiona kuwa mahiri zaidi katika Kiwelishi, walipata alama kubwa zaidi kwa Kiingereza. Nao walipozuiwa kutamka moyoni, tofauti ilikwisha. Mwaka 1986 Moshe Naveh-Benjamin na Thomas Ayres walizilinganisha Kiingereza, Kihispania, Kiebrania na Kiarabu. Kiingereza kilitamkwa kwa kasi kuliko zote na kilitoa alama kubwa kuliko zote. Kiarabu kilitamkwa polepole kuliko zote na alama zake zilikuwa ndogo kuliko zote. Mwaka huohuo uchunguzi wa Stigler, Lee na Stevenson ulionyesha upande wa pili: Wachina, ambao tarakimu zao ni fupi, waliwapita Wamarekani.

V. Tarakimu za Kiswahili na za jirani zake

Kiswahili kina historia yake katika jambo hili. Tarakimu za sita, saba na tisa zimetoka katika Kiarabu, na zimechukua mahali pa maneno ya Kibantu yaliyokuwapo. Tisa imelisukuma kando neno kenda, ambalo bado lajulikana. Sita imechukua nafasi ya tandatu. Saba imechukua nafasi ya neno ambalo masalio yake yamo katika fungate, yaani zile siku saba za arusi. Kwa hesabu ya silabi, tandatu ina tatu na sita ina mbili. Fungate ina tatu na saba ina mbili. Haidaiwi hapa kwamba Waswahili waliyapokea maneno hayo ili wapate wepesi wa kukumbuka. Biashara na dini zilikuwa na nguvu zaidi. Lakini matokeo yake ni kwamba Kiswahili cha leo kina tarakimu zenye urefu ulio sawa kabisa, mbilimbili, kuanzia moja hadi tisa.

Tarakimu hizo tisa kwa Kiswahili zina jumla ya silabi 18. Kwa Kiingereza zina silabi 10. Kwa Kikikuyu, mtu ahesabupo imwe, igiri, ithatu, inya, ithano, ithathatu, mugwanja, inyanya, kenda, jumla ni silabi 25. Kwa Kijaluo, ahesabupo achiel, ariyo, adek, ang'wen, abich, auchiel, abiriyo, aboro, ochiko, jumla ni kama 24. Isidhaniwe kwamba silabi mbili za Kiswahili huchukua muda maradufu ya silabi moja ya Kiingereza. Silabi za Kiswahili ni nyepesi, nazo za Kiingereza mara nyingi hubeba konsonanti nyingi na irabu ndefu. Muda hauna budi kupimwa kwa saa, wala si kukisiwa kwa kuhesabu silabi. Walakini, tofauti ya 10 na 25 haiwezi kupuuzwa kabla haijapimwa.

Fauka ya hayo, urefu si tatizo la tarakimu pekee. Mwaka 1980 Meredyth Daneman na Patricia Carpenter walibuni kipimo kingine, ambamo mpimwa husoma sentensi kadhaa kwa sauti, kisha hutakiwa alikumbuke neno la mwisho la kila sentensi. Kipimo hiki kinasifiwa kwa kuwa hupima kushika na kutenda kwa wakati mmoja. Lakini neno ni nini? Sentensi ya Kiswahili yaweza kuishia kwa neno kama hawatatuandikia, ambalo ndani yake mna ukanusho, mtenda, wakati, mtendewa, mzizi na kauli. Neno hilo ni moja kwa jicho la mchapaji. Lakini kwa akili inayolishika ni sentensi nzima. Mtafiti atakayelihesabu kuwa sawa na neno la mwisho la sentensi ya Kiingereza atakuwa amelinganisha kikapu na embe.

VI. Kutoka mezani hadi kwenye intaneti

Safari ya kipimo kutoka mezani ilipita njia mbili, na ni muhimu njia hizo zisichanganywe.

Njia ya kwanza ni ya umbali. Kabla ya intaneti kulikuwa na simu. Mwaka 1988 Jason Brandt, Miriam Spencer na Marshal Folstein wa Marekani walitoa kipimo cha hali ya akili kwa njia ya simu, ambacho ndani yake mpimwa husomewa orodha ya maneno 10 ili ayarudie. Mpimaji na mpimwa hawakuonana, lakini walisikiana. Kama mpimwa alisitasita, au alichanganya lugha, au aliomba arudiwe, mpimaji alijua. Umbali ulikuwapo, na sauti ilikuwapo.

Njia ya pili ni ya ukimya. Mwaka 1989 Marilyn Turner na Randall Engle walitoa kipimo ambacho mpimwa hufanya hesabu ndogondogo huku akikumbuka maneno. Mwaka 2005 Nash Unsworth, Richard Heitz, Josef Schrock na Engle walikigeuza kiwe cha kujiendesha. Maneno yaliondolewa, zikawekwa herufi 12. Herufi huonekana kwenye kioo moja baada ya nyingine, na mwishoni mpimwa huzichagua kwa kubofya. Mpimaji hana tena haja ya kukaa kando. Faida yake ni kubwa: watu wengi hupimwa kwa wakati mmoja, na mkono wa mpimaji hauwezi kupendelea. Lakini yafaa itajwe kwamba miongoni mwa herufi hizo 12 imo Q, ambayo haimo katika maandishi ya Kiswahili sanifu, na kwamba majina ya herufi zenyewe hutegemea lugha ambayo mtu alifundishwa kusoma. Hapa mpimwa yu karibu, lakini haongei.

Intaneti ilizikutanisha njia hizo mbili. Mwaka 1995 Ulf-Dietrich Reips alifungua katika Chuo Kikuu cha Tübingen, Ujerumani, maabara ya saikolojia ya kwenye intaneti, iliyokuwa miongoni mwa za kwanza duniani. Mwaka 2005 kampuni ya Amazon ilianzisha soko la kazi ndogondogo liitwalo Mechanical Turk, na baada ya miaka michache watafiti waligundua kwamba soko hilo laweza kuwapatia wapimwa mamia kwa siku moja, kwa malipo kidogo. Jina la soko hilo limetokana na mtambo wa kucheza sataranji ulioonyeshwa Vienna mwaka 1770 na Wolfgang von Kempelen. Watazamaji waliamini kwamba ni mashine inayofikiri. Kumbe ndani yake alijificha mtu. Jina hilo limeafikiana na hali ya wapimwa hao kuliko ilivyokusudiwa, maana katika utafiti wa mbali pia yumo mtu aliyefichika ndani ya sanduku, na mtafiti huona mwendo wa vipande tu.

Mwaka 2012 Laura Germine na wenzake walichapisha ulinganisho wa alama za intaneti na za maabara. Miongoni mwa vipimo walivyovitumia kilikuwamo kile cha kurudia tarakimu, na kwa jumla waliona kwamba alama za watu waliojipima wenyewe kwenye intaneti hazikuwa duni kuliko za maabara. Mwaka 2020 maradhi ya korona yalipofunga vyuo, njia hii ikawa kwa watafiti wengi ndiyo njia pekee. Nchini Kenya, ambako nyaya za baharini za mawasiliano zilifika Mombasa mwaka 2009 na ambako simu ya mkononi imeenea kuliko kompyuta, sasa inawezekana kumpima mwanafunzi aliye Lamu au Kisumu bila yeye kuondoka alipo. Kwa elimu ambayo kwa muda mrefu imejengwa juu ya wanafunzi wa vyuo vya Marekani na Ulaya, huo ni mlango mpya wa thamani kubwa.

VII. Kilichopotea

Waliouchunguza upungufu wa njia hii wametaja mambo kadhaa. Mpimwa aweza kuandika tarakimu kwenye karatasi, na kumbukumbu ya karatasi haina kikomo. Aweza kuwa mahali penye kelele. Simu yake yaweza kuwa na kioo kidogo, au mawasiliano yakatike katikati ya orodha. Baadhi ya watafiti hutafuta kinga kwa kupunguza muda wa kujibu, au kwa kumwomba mpimwa aseme kweli baada ya kumhakikishia kwamba malipo yake hayatapungua. Wengine waweza kufikiri kuweka michoro isiyo na majina, ili isiweze kuandikwa upesi. Lakini dawa hiyo humwua mgonjwa: michoro isiyo na majina haitamkiki moyoni, na kipimo hakitakuwa tena cha kumbukumbu ya maneno.

Lakini yuko mpimwa ambaye hadanganyi kabisa, na bado alama yake haieleweki. Na achukuliwe mwanafunzi aliyezaliwa Nyeri. Nyumbani alihesabu kwa Kikikuyu. Katika madarasa ya juu alifundishwa hesabu kwa Kiingereza. Sokoni na garini hutumia Kiswahili. Kioo chamwonyesha 7, 3, 9, 5. Akizitamka moyoni kwa Kiingereza, amebeba silabi 5. Akizitamka kwa Kiswahili, amebeba 8. Akizitamka kwa Kikikuyu, amebeba 11. Kisha anabofya 7, 3, 9, 5, na mtafiti apata jibu lilelile kwa vyovyote vile. Katika orodha fupi hakuna dhara. Katika orodha ya tarakimu nane au tisa, chaguo hilo la lugha, ambalo pengine mpimwa mwenyewe hakulifikiria, laweza kuwa ndilo linaloamua kama atafaulu au atashindwa.

Tarakimu zilizoandikwa kwa alama zilipendwa kwa sababu zilidhaniwa kuwa hazina lugha. Ni kweli kwamba alama ya 7 haina lugha karatasini; lakini haiwezi kuingia katika mzunguko wa sauti bila kupewa jina, na jina lina lugha. Kwa hiyo alama iliyochaguliwa ili kuiepuka lugha ndiyo inayoificha. Jacobs aliwasikia wasichana wake. Mpimaji wa Wales alijua kama mtoto amejibu kwa Kiwelishi au kwa Kiingereza. Mpimaji wa intaneti hajui.

Wala tafsiri ya maelezo haitoshi. Mtafiti huweza kuyageuza maelezo yake kwa Kiswahili, akaandika kwamba kipimo kimefanywa kwa Kiswahili. Lakini Kiswahili cha maelezo si lazima kiwe Kiswahili cha kumbukumbu. Katika Kenya ni jambo la kila siku kuwasikia watu wawili wakizungumza Kiswahili, kisha mmoja anapomtajia mwenzake namba ya simu, tarakimu zote hutoka kwa Kiingereza, na mazungumzo hurudi palepale yalipoachwa.

VIII. Hitimisho

Waswahili husema kwamba fimbo ya mbali haiui nyoka. Ingekuwa rahisi kuufunga mjadala huu kwa methali hiyo na kuukataa utafiti wa mbali. Historia iliyoelezwa hapa haitoi hukumu hiyo. Kipimo cha simu cha mwaka 1988 kilikuwa cha mbali, na lugha ilisikika. Kipimo cha kompyuta cha mwaka 2005 kilikuwa cha karibu, na lugha haikusikika. Kilichopotea, basi, si ukaribu. Kilichopotea ni sauti. Na sauti yaweza kurudishwa.

Kompyuta na simu zina vinasa sauti. Mpimwa aweza kutakiwa azirudie tarakimu kwa kinywa chake, na sauti hiyo ihifadhiwe isikilizwe. Kabla ya hapo aweza kutakiwa azisome tarakimu kwa kasi katika kila lugha aijuayo, ili muda wake wa kutamka ujulikane na alama yake ipimwe kwa muda huo. Baada ya hapo aulizwe alikumbuka kwa lugha gani. Orodha za maneno zitungwe katika Kiswahili chenyewe, kwa kusawazisha mizani, wala zisiwe tafsiri ya orodha za Kiingereza. Na alama ya msemaji wa lugha moja isiwekwe kando ya alama ya msemaji wa lugha nyingine kana kwamba zimetoka katika mizani moja. Yapo magumu: sauti iliyonaswa ni mzigo mkubwa kuliko vibofyo, na gharama ya kuituma humwangukia mpimwa anayenunua data kwa fedha yake. Gharama hiyo yapasa kuwa ya mtafiti. Tena, sauti hizo zahitaji masikio yanayozijua lugha zetu, na hapo ndipo idara za lugha za Kiafrika zina wajibu ambao idara za saikolojia haziwezi kuutekeleza peke yao.

Mwaka 1887 mtafiti mmoja aliiacha tarakimu ya saba kwa kuwa ilikuwa na silabi moja ya ziada, na kipimo chake kikawa cha haki kwa wasichana aliokuwa nao mbele yake. Haki hiyohiyo ndiyo anayoidai mpimwa wa Kiswahili aliye mbali, na kwake haiwezi kutimizwa kwa kuacha tarakimu. Itatimizwa kwa kumsikiliza.